Kebo ya data yatimiza miaka 30, picha za wazee wetu zikiwa bado zimefungiwa ndani ya simu

Tarehe 15 Januari 1996 makampuni saba yalitoa kwa pamoja toleo la kwanza la USB. Yalikuwa Intel, Microsoft, IBM, Compaq, DEC, NEC ya Japani na Northern Telecom ya Kanada. Mwaka huu wa 2026 tundu hilo limetimiza miaka 30, na maadhimisho yake yamekutana na sheria mpya: kuanzia tarehe 28 Aprili, laptopu mpya zinazouzwa katika nchi za Umoja wa Ulaya zinatakiwa zichajike kwa USB-C, kama simu zilivyotakiwa tangu tarehe 28 Desemba 2024.

Nje huko habari hii imeandikwa kama habari ya chaja. Huku Kwale, pwani ya Kenya, waya wa USB una historia nyingine. Kwa miaka mingi, kabla bando halijawa jambo la kila siku, ndio uliotuletea nyimbo, picha na hata intaneti. Leo ndio uliosahaulika kwenye droo pamoja na simu zilizokufa.

Chukua Munje. Ni kijiji cha pwani karibu na Msambweni, kilomita zipatazo 50 kusini mwa Mombasa. Ni cha Wadigo, wavuvi na wakulima wa minazi, nao hutoka hadi barabara kuu ya Likoni–Lunga Lunga wanapotaka huduma ambazo kijijini hazipo. Katika nyumba nyingi za huko, kama ilivyo Gazi, Kinondo au Shimoni, kuna kopo au mkoba wenye simu zisizowaka: Nokia ya marehemu baba, simu ya Kichina ya shangazi, Samsung iliyopasuka kioo. Ndani ya simu hizo kuna harusi, kuna watoto ambao sasa wana watoto wao, kuna sauti za wazee ambao hawapo tena. Hatukuzitoa, na mlango wa kuzitolea ulikuwa tundu dogo la chini ya simu.

Mtu anayehusishwa zaidi na USB ni Ajay Bhatt, mhandisi aliyezaliwa India, akasoma Baroda kisha New York, akajiunga na Intel mwaka 1990. Masimulizi yake, aliyowarudia waandishi wengi, ndiyo chanzo kikuu cha tunayoyajua kuhusu mwanzo wa jambo hili. Anasema mkewe alikuwa akihangaika na printa ya nyumbani, anataka kuchapa kazi ya shule ya binti yao, na yeye mhandisi wa kompyuta hakuona sababu ya jambo dogo kama hilo kuwa gumu. Wakati ule kila kifaa kilikuwa na tundu lake: kibodi yake, kipanya chake, printa yake, modemu yake. Ukikosea mpangilio, kompyuta haikioni kifaa. Bhatt anasema baadhi ya wakuu wake hawakulipokea wazo lake kwa hamu, ikabidi ahamie kitengo kingine ndani ya Intel ili apate wa kumsikiliza.

Jambo moja katika masimulizi yake linafaa kukumbukwa na kila aliyewahi kuigeuza plagi ya USB mara tatu ndipo ikaingia. Walijua tangu mwanzo kwamba plagi yenye upande mmoja ingeudhi watu. Lakini plagi ya kuingia pande zote mbili ingehitaji nyaya zaidi na saketi zaidi, na gharama ingepanda karibu mara mbili. Walitaka kitu rahisi cha kutosha kuwekwa kwenye kila kompyuta, kwa hiyo wakachagua bei. Intel haikudai malipo ya hataza kwa wanaokitumia. Mwaka 2013 Bhatt na wenzake walipewa Tuzo ya Wavumbuzi ya Ulaya, na ni haki yao. Kama kungekuwa na ada kwa kila tundu, sina shaka kwamba kebo ya bei nafuu isingefika Ukunda mapema vile.

Ndani ya kebo ya kwanza kulikuwa na nyaya nne tu. Mwekundu hupeleka umeme, mweusi huurudisha, mweupe na wa kijani hubeba data. Mpangilio huo wa rangi bado unafuatwa na kebo nyingi hadi leo. Toleo la kwanza lilipitisha data kwa kasi isiyozidi megabiti 12 kwa sekunde. Apple iliitia USB nguvu Agosti 1998 kwa kutoa iMac isiyo na matundu ya zamani. Aprili 2000 likaja toleo la 2.0 lenye megabiti 480.

Simu ya mkononi, hata hivyo, haikuwa kwenye hesabu ya Bhatt na wenzake. Wao walifikiria vifaa vya mezani. Simu zilikuwa na njia zao wenyewe, kila kampuni na siri yake.

Hapa Kenya mwaka ule ule wa 1996 simu ya mkononi ilikuwa kitu cha matajiri wa Nairobi na Mombasa. Kencell na Safaricom zilianza kazi mwaka 2000, na baada ya hapo mambo yalikwenda kasi. Nokia 3310, kisha Nokia 1100 ya mwaka 2003 ambayo Wakenya waliiita mulika mwizi kwa ajili ya tochi yake, ndizo zilizoingia vijijini. Zilinunuliwa Mombasa, zikavuka feri ya Likoni mifukoni mwa watu, zikafika hadi Vanga. Mwenye mulika mwizi hakuona tundu lolote la kompyuta kwenye simu yake, lakini njia ilikuwepo. Ukitoa betri unakuta vidoa vidogo vya dhahabu, na fundi aliyekuwa na kisanduku chake na waya wenye sindano aliweza kuongea na simu kupitia hapo: akaifungua iliyofungwa, akaiflashi iliyokwama, akaifufua iliyokataa kuwaka. Kwa watu wengi wa Msambweni na Ukunda, mara ya kwanza kuona simu imeunganishwa na kompyuta ilikuwa kwenye meza ya fundi.

Nokia ilianza kuweka tundu pana la chini liitwalo Pop-Port mwaka 2002. Ndipo zikaja kebo zilizojulikana kwa nambari: DKU-5, kisha CA-42. Ilibidi ujue simu yako inataka ipi, maana kebo ya moja haikufaa nyingine. CA-42 haikuwa waya mtupu. Ndani yake mlikuwa na chipu ndogo iliyotafsiri lugha ya simu kuwa lugha ya USB, na kompyuta ilihitaji draiva yake pamoja na programu ya Nokia PC Suite. Kebo za bandia zilitapakaa, nyingi zikiwa na nakala ya chipu ya kampuni ya Prolific ya Taiwan. Baadaye Prolific ilitoa draiva iliyozikataa chipu za kughushi, na kebo iliyokuwa ikifanya kazi jana ikawa haisomeki kwenye kompyuta mpya. Mwenye kebo halali alisalimika. Huku kwetu wengi hatukuwa nayo.

Kati ya katikati ya miaka ya 2000 na mwanzoni mwa miaka ya 2010 ndipo kebo ilipokuwa na heshima yake Kwale. Duka la kuwekewa nyimbo lilikuwa na kompyuta moja, spika mbili nje, na rundo la waya juu ya meza. Unakuja na simu au memori kadi yako, unataja unachotaka, unalipa shilingi chache, unaondoka na nyimbo mfukoni. Taarabu za Juma Bhalo na Zuhura Swaleh, zilizokuwa zikikaa kwenye kanda zilizovutika kwa joto, zilikuwa zimeshageuzwa kuwa MP3. Bango la Mzee Ngala, chakacha, kaswida, bongo fleva, video za harusi za wenyeji, vyote vilikuwa kwenye folda moja. Vijana waliokaa nyuma ya kompyuta zile walijua kila mteja anapenda nini, na wengi walijifunza kompyuta pale pale, bila cheti.

Wanamuziki hawakupata kitu. Kenya ilikuwa na Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001, lakini kwenye meza zile haikuonekana, na mtu kama Bhalo, aliyefariki mwaka 2014, alisikilizwa na maelfu kupitia nakala ambazo hazikumlipa. Hilo ni deni, na sitaki kulifunika kwa sababu nazipenda nyimbo. Hata hivyo maduka yale yalihifadhi sauti ambazo hakuna ofisi yoyote ya serikali iliyojali kuzihifadhi kwa wingi ule. Diski za kompyuta zile zimekufa, maduka mengi yamegeuka ya M-Pesa, na kilichokuwemo kimetawanyika.

Kebo ilikuwa pia njia ya intaneti. Kabla ya katikati ya 2009 Kenya ilitegemea setilaiti kuwasiliana na dunia, na gharama ilikuwa ya kuumiza. Mwenye simu ya GPRS aliichomeka kwenye laptopu, PC Suite ikapiga *99#, na ukurasa mmoja ukafunguka polepole. Juni 2009 kebo ya TEAMS kutoka Fujairah ilifika Mombasa, na Julai mwaka huo SEACOM ikaanza kazi. Wasomaji wa pwani wakumbuke kwamba hilo halikuwa jambo geni katika bahari yetu: mwishoni mwa karne ya 19 tayari kulikuwa na waya wa telegrafu chini ya maji kati ya Zanzibar na Mombasa. Bei ya intaneti ikaanza kushuka, modemu za kuchomeka zikaenea, na kazi hiyo ya kebo ya simu ikapungua taratibu.

Kisha ukaja mwaka 2012, na hapa ndipo historia ya waya huu Kenya ilipokuwa kali.

Simu za Kichina zilikuwa zimeteka soko. Zilibeba laini mbili wakati Nokia nyingi zilibeba moja. Zilikuwa na spika ya kusikika uwanja mzima, baadhi zilikuwa na antena ya televisheni, nazo zilikuwa rahisi. Kwa mvuvi anayeshinda baharini, au mama anayeuza samaki na kupokea pesa za mitandao miwili, simu ile ilikuwa na maana kuliko jina lililoandikwa mgongoni mwake. Na jina lenyewe mara nyingi lilikuwa limeghushiwa kwa kubadilisha herufi moja tu.

Kila simu halali ina nambari ya IMEI yenye tarakimu 15, ambayo mtandao huisoma simu inapowaka. Simu nyingi za kughushi hazikuwa nayo, au maelfu yake zilibeba nambari moja. Tume ya Mawasiliano ya Kenya, CCK, iliamua zizimwe, ikatoa hoja zake: wahalifu wanatumia simu zisizofuatilika, kodi inapotea, vifaa si salama. Hoja nzito zaidi ilikuwa ya usalama. Nchi ilikuwa inaelekea uchaguzi mkuu wa Machi 2013, na watu walikuwa hawajasahau damu iliyomwagika baada ya uchaguzi, 2007 na 2008, wala jumbe za chuki zilizozunguka kwenye simu siku zile. Serikali ilikuwa tayari imeondoa kodi ya VAT ya asilimia 16 kwenye simu mwaka 2009 ili simu halali zipungue bei. Sasa ikaweka tarehe ya kuzizima simu za kughushi, ikaisogeza mbele, kisha ikasimama hapo: usiku wa tarehe 30 Septemba 2012.

Nchi nzima ikajifunza kubonyeza *#06#. Nambari ikitokea kwenye kioo, unaituma kwa ujumbe mfupi kwenda 1555, na jibu linakuambia simu yako ni halali au la. Wajukuu waliwasomea babu zao tarakimu 15 moja moja. Aliyeambiwa simu yake haitambuliki alibaki na njia mbili. Moja ni kununua nyingine. Ya pili ilikuwa meza ya fundi.

Maana IMEI haikuwa imechongwa kwenye chuma. Katika simu nyingi za aina ile ilikuwa ni maandishi ndani ya chipu, na mwenye kompyuta, programu na kebo ya data aliweza kuiandika upya. Sheria ilikuwa imeliona hilo mapema. Marekebisho ya sheria ya mawasiliano yaliyotiwa saini Januari 2009 yalifanya kubadilisha IMEI kuwa kosa la faini kubwa au kifungo. Yaligusa pia mtu anayepatikana na vifaa vya kazi hiyo kwa nia ya kuifanya. Kwa hiyo waya ule ule uliomwekea bibi taarabu ungeweza kuwa ushahidi mahakamani. Mafundi waliokuwa wakiheshimika mtaani walijikuta wakitazamwa kwa jicho la polisi, hata wale ambao kazi yao ilikuwa kutengeneza tu.

Tarehe ilipofika, mitandao yote minne ya wakati ule, Safaricom, Airtel, Orange na yu, ilizima karibu simu milioni 1.9, katika nchi iliyokuwa na laini zipatazo milioni 30. Tume ilihesabu kuwa imefaulu. Kwa upande wa usalama huenda ilikuwa na haki yake, na sitetei simu za magendo.

Ninachokilalamikia ni kingine. Simu iliyozimwa ilipoteza mtandao tu. Picha, sauti na video zilibaki ndani yake, zima kabisa, na kebo ingeweza kuzitoa. Matangazo yalituambia jinsi ya kukagua IMEI na tarehe ya mwisho. Sikumbuki tangazo hata moja lililowaambia watu: kabla hujaitupa, nakili picha zako. Simu zile zikapewa watoto wachezee, zikatupwa majalalani, zikauzwa kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Watu walizihesabu kama simu zilizokufa, kumbe zilikuwa albamu za familia ambazo hazijawahi kuchapwa. Kwa kizazi ambacho hakikuwa na kamera nyingine, zilipotea picha za miaka mitatu au minne ya maisha.

Ugomvi wa IMEI haukuishia hapo. Mfumo mwingine wa kukagua simu ulipingwa mahakamani, Mahakama Kuu ikauzuia mwaka 2018, Mahakama ya Rufaa ikaubatilisha uamuzi huo mwaka 2020. Tangu Januari 2025 waingizaji na waunganishaji wa simu nchini wanatakiwa kuwasilisha IMEI zake kwa ajili ya kodi.

Kuhusu kebo yenyewe, yaliyobaki ni machache. Mwaka 2009 watengenezaji wakubwa walikubaliana na Tume ya Ulaya kutumia micro-USB, na zama za kila simu na tundu lake zikafikia ukingoni. Apple ilibaki na njia yake, ikaleta Lightning mwaka 2012, hadi Bunge la Ulaya lilipopiga kura ya kulazimisha USB-C tarehe 4 Oktoba 2022, wabunge 602 wakiunga mkono na 13 wakipinga. Septemba 2023 iPhone 15 ikaja na USB-C, plagi iingiayo pande zote mbili, ile ile ambayo kina Bhatt waliiona ghali. Simu nazo zimekuwa na tahadhari: ukiichomeka kwenye kompyuta hukaa kwenye kuchaji tu mpaka uiruhusu kupeleka faili, kwa sababu tundu la data ni njia ya wezi pia.

Kijana wa Munje leo hutuma picha kwa WhatsApp, na WhatsApp huipunguza picha ubora isipokuwa umeituma kama faili. Hifadhi ya bure isiyo na kikomo ya Google Photos ilifungwa tarehe 1 Juni 2021, sasa ni gigabaiti 15 kwa kila kitu. Kebo isingemdai bando wala kumpunguzia picha. Lakini kebo nyingi za bei ya chini zinazouzwa barabarani ni za kuchaji tu. Zikate uone: mwekundu upo, mweusi upo, mweupe na wa kijani hawamo. Mtu huichomeka, kompyuta haioni kitu, naye anaamini simu yake ndiyo mbovu. Muuzaji angepaswa kulazimishwa kuandika hivyo kwenye pakiti.

Nokia iliuza biashara yake ya simu kwa Microsoft mwaka 2014 na PC Suite imeachwa. Kila mwaka unaopita, mafundi wenye CA-42 inayofanya kazi na kompyuta ya kuisoma wanapungua. Betri zinavimba. Memori kadi zinaoza kwa chumvi ya hewa yetu. Misitu ya Kaya za Mijikenda, Kaya Kinondo ikiwemo, iliingizwa kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2008, na ni fahari yetu. Lakini wazee waliobeba habari za mahali kama pale walirekodiwa na wajukuu zao kwenye simu za wakati ule ule, na rekodi hizo hakuna anayezilinda.

Makumbusho ya Taifa, ambayo yana taasisi ya utafiti wa Waswahili, RISSEA, pale Mombasa, na serikali ya kaunti ya Kwale wanaweza kulifanya hili kwa gharama ndogo: meza moja Msambweni na moja Ukunda, kompyuta ya zamani, kebo za aina zote, na fundi wa kuwahudumia watu bure kwa miezi michache. Wamiliki waondoke na picha zao, na wanaokubali waache nakala ya sauti za wazee.

Wakati tukisubiri hilo, msomaji, fungua lile kopo la simu leo. Betri iliyovimba usiichaji, ipeleke simu kwa fundi kama ilivyo. Isiyovimba, itafutie kebo yenye nyaya zote nne, au toa memori kadi uisome kwa kisomea kadi. Nakili kila kitu mahali pawili tofauti, na andika jina la kila mzee aliye kwenye picha kabla hajabaki mtu asiyejulikana.